Mvumo wa Gurudumu la Nyuma

Gereji nzima ilimwita Kompyuta, na jina hilo lilimkaa vizuri. Tangu anunue mashine ya kupimia magari, fundi huyu hakuhangaika tena kulala chini ya gari bila sababu. Angechomeka waya chini ya usukani, mashine ingemtajia msimbo wa hitilafu, naye angekwenda moja kwa moja penye ugonjwa.

Asubuhi hiyo shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, aliingia kwa kasi. Dada na watoto wawili walikuwa ndani ya gari, mabegi yamewajaa mapajani.

"Shemeji, ile taa ya breki imewaka tena," alisema. "Mama yangu kazidiwa, tunakwenda kumwona. Nizimie tu."

Kompyuta akachomeka waya. Msimbo ulikuwa uleule wa wiki mbili zilizopita: sensa, kile kifaa kinachohisi mzunguko wa gurudumu, la nyuma, kulia. Sensa hiyo alikuwa ameifunga mpya kwa mkono wake. Moyo ulimwambia apige jeki, alishike gurudumu, alitikise. Lakini shemeji alikuwa akitazama saa, na mtoto mdogo alikwisha kuanza kulia.

"Labda ni vumbi tu," alisema, akabonyeza kitufe cha kufuta. Taa ikazimika. Wakaondoka.

Alishughulika na gari jingine, ila mikono ilikuwa mizito. Sensa mpya, msimbo wa zamani. Baada ya saa moja hivi akampigia dada yake.

"Taa haijawaka?"

"Imewaka, tena kitambo. Shemeji yako anasema tutaiona tukifika."

Nyuma ya sauti ya dada kulikuwa na mvumo mzito, kama mashine ya kusaga nafaka.

"Dada, hicho kinachovuma ni nini?"

"Si ni gari hili! Siku hizi likikimbia linavuma hivyo. Hakukwambia?"

Hapo Kompyuta akaelewa. Sensa haikuwa na kosa. Beringi inayobeba gurudumu ilikuwa imekwisha, gurudumu linacheza, na sensa maskini ilikuwa ikipiga kelele kwa niaba ya beringi.

"Mwambie apunguze mwendo, asimame pembeni. Sasa hivi, dada! Gurudumu litachomoka!"

Alimsikia shemeji akibisha, kisha dada akipaza sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu utotoni: "Simamisha gari, kuna watoto humu!" Mvumo ukapungua, ukakatika.

Alifika kwa pikipiki, jeki kaifunga nyuma. Gurudumu lilipoinuka, alilisukuma kwa viganja viwili, likacheza kama jino la mtoto. Chuma cha katikati kilikuwa cha moto, hakishikiki.

"Asubuhi ulilitazama?" dada akauliza.

Angeweza kusema haraka ilikuwa yao. Angeweza kusema hakuambiwa habari za mvumo. Yote yalikuwa kweli.

"Sikulitazama," alisema. "Nilifuta msimbo tu."

Dada alimvuta mtoto mdogo karibu, akasogea naye mbali na barabara.

Gari la kuwabeba lilipatikana alasiri. Walipofika, mama wa shemeji alikuwa amekwisha kupoteza kauli. Alimtazama mwanawe, mdomo ukacheza, neno halikutoka. Siku ya tatu akafariki.

Kompyuta alifunga beringi mpya, akaliendesha gari barabara nzima akisikiliza. Lilikuwa kimya. Shemeji hakuja kulichukua, alimtuma jirani. Msibani walipeana mikono, mkono wa shemeji ukiwa baridi, mwepesi kuachia.

"Amesema nini juu yangu?" alimuuliza dada.

"Hajasema. Anajua uliokoa wanawe. Anajua pia angeweza kumwahi mama yake akiwa bado anazungumza. Hayo mawili yanapigana moyoni mwake, mdogo wangu, na mimi siwezi kumwamulia."