Nzi wa Uzi Mwekundu

Mvua za Aprili zilikuwa zimeujaza mto Liuxi hadi ukapanda juu ya majani ya ukingoni. Katikati maji yalikwenda mbio, rangi ya chai ya maziwa, yakibeba matawi. Odilia hakutazama huko. Alichuchumaa mbali na maji, macho kwenye majani yaliyozama, akingoja moja litikisike kinyume na mkondo.

"Mdogo wangu, unawapigia samaki magoti?" Evaline akamcheka. "Hawa si wateja wa soko la nguo la Liuhua, hawabembelezeki."

"Mto ukifura samaki hukimbilia pembeni kupumzika, dada. Ukiingia majini unamkanyaga yuleyule unayemtafuta."

Hayo Odilia alimfundisha Evaline kila Jumapili baada ya ibada. Evaline naye alikuwa ulimi wake. Odilia aliishia darasa la saba, na Kichina chake kilikuwa cha sokoni tu: bei gani, punguza, sitaki. Ndiyo maana alipotengeneza nzi wake wa kuvulia, ndoana iliyovikwa manyoya ya jogoo na kufungwa kwa uzi mwekundu aliouchomoa kwenye pindo la khanga ya marehemu mama yake, alimpa Evaline ampelekee bosi Lin, mwenye duka la zana za uvuvi. Ndivyo wanavyoishi Waswahili wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika katika jiji lile la Wachina: mwenye Kichina humsemea asiye nacho.

Bosi alikuwa anatafuta fundi wa kufunga nzi wa kuonyesha kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou. Odilia, aliyechoka kubeba marobota ya nguo za watu, aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Leo bosi amekuja kuona nzi akijaribiwa.

Lin akachukua ufito wa kuvulia, akampa Evaline. Kwa mikono miwili.

"Mbona wewe?" Odilia akamuuliza.

"Mimi si ndiye mkubwa? Shika wavu."

Akashika. Evaline akachuchumaa kama alivyofundishwa, akangoja, akarusha. Nzi akatua taratibu kama ameshushwa kwa mkono. Mshipi ukakazika.

"Wavu! Odi, wavu!"

Odilia akaingia maji ya magoti, akamkinga samaki.

Bosi akapiga makofi. Akatoa mkobani kasha lililokwisha kuchapishwa: picha ya nzi wa uzi mwekundu, na ubavuni mwake Evaline anatabasamu, ndani ya blauzi aliyoiazima kwa Odilia akisema ni ya Pasaka.

"Ulimwambia ni wako."

"Anataka mtu wa kuongea na wateja. Wewe ungewaambia nini? Punguza, sitaki? Ungefunga nzi nyumbani, mimi ningekaa mbele. Tungekula wote."

"Ungeniambia lini?"

Evaline akatazama maji. Bosi akauliza kitu, naye akajibu haraka huku akicheka.

"Amesemaje?"

"Anauliza kama umelowa."

Labda kweli. Odilia hakuwa na njia ya kujua. Miezi yote ile hakuwahi kuwa na njia ya kujua.

Akamchomoa nzi mdomoni mwa samaki, akainamisha wavu, samaki akapotelea kwenye majani. Uzi wa mama haukuwa umelegea hata kidogo. Akamchomeka nzi kwenye kola yake.

"Lete, bosi anamtaka."

"Mfungie mwingine."

"Odi, unajua sijui kufunga."

"Nilikufundisha kuvua. Kufunga hukuwahi kuniomba."

Evaline akamgeukia bosi, akalivaa tabasamu la kwenye kasha, akaanza maelezo marefu. Odilia alikuwa ameshaupanda ukingo, viatu vinatoa maji, anaelekea kituo cha basi. Hakungoja kutafsiriwa.