Zipo, Mheshimiwa

Turubai lilikuwa moja tu, na kivuli chake kilikuwa cha viti vya wageni. Wageni wenyewe walikuwa hawajafika. Wagonjwa wa presha walikaa chini, juani, mbele ya zahanati, kanga vichwani, wakivitazama viti vile vitupu tangu asubuhi.

Specioza, mhudumu wa afya wa kijiji, alipita katikati yao na ndoo ya maji. Yeye ndiye aliyewaita, nyumba kwa nyumba. Kwa mayu Nyanjige ilimbidi arudi tena, maana mama yule alikuwa amekataa.

"Kichwa kinanigonga, mwanangu," alisema, amelala kwenye ngozi ya ng'ombe. "Na dawa zenyewe tangu tuuze pamba hakuna."

"Siku ya wageni zitakuwepo, mayu. Wanakuja nazo kwenye gari."

Hakuwa na uhakika. Paschal, mganga mfawidhi, ndiye aliyemwambia aseme hivyo. "Mgeni rasmi anataka kuona watu," alimwambia. "Uwanja ukiwa mtupu, usije kwangu nikusainie posho."

Basi Nyanjige alikuja kwa miguu. Mumewe, mzee Bujiku, alimsindikiza hadi njia panda ya Ngulyati, akarudi kwa ng'ombe wake.

Specioza alimfunga Nyanjige mkanda wa kipimo, akasoma namba, akaufungua upesi.

"Ikoje?"

"Imepanda kidogo, mayu. Kunywa maji."

Haikuwa kidogo. Alimfuata Paschal. "Yule mama apelekwe hospitali Bariadi sasa hivi."

"Kwa gari gani? La wagonjwa halina mafuta. Acha wageni waje, tutawaomba lifti."

Wageni walifika jua likiwa la utosi. Mgeni rasmi alishika kipaza sauti, nyuma yake pametundikwa picha kubwa ya moyo, mishipa yake myekundu na ya buluu.

"Moyo ni pampu," alisema. "Ninyi mnalala, wenyewe haulali. Chumvi, mafuta na sigara vinaiharibu mishipa. Damu ikikosa njia nzuri, pampu inasukuma kwa nguvu, na siku moja mshipa unapasuka. Kwa hiyo tupunguze nyama choma na soda. Na tufanye mazoezi! Tembeeni walau nusu saa kwa siku."

Wanawake waliotoka ng'ambo ya mto, ambao walikuwa wameshinda na michembe ya viazi na maji, walianza kucheka. Kisha wakamwangalia mtendaji wa kata kuona kama kucheka kunaruhusiwa. Wakajifunika midomo kwa kanga.

"Na ukianza dawa, usiache! Je, hapa dawa zipo?"

Kipaza sauti kikapitishwa hadi kwa Specioza. Paschal alimkazia macho. Nyuma ya Paschal, Nyanjige alikuwa ameubana utosi kwa viganja viwili, mdomo wazi, kama mtu anayesubiri kusikia jina lake.

"Zipo, mheshimiwa," alisema Specioza.

Makofi yakapigwa.

Wapiga picha walitaka mgonjwa mmoja. Paschal akamsukuma mbele Nyanjige, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Mama yule alipiga magoti, akalipokea boksi la dawa kwa mikono miwili. "Wabeja, baba. Wabeja sana." Picha zilipokwisha, dereva alimwinamia kwa adabu.

"Samahani, mama. Hili tunakwenda nalo kijiji cha pili. Ni la maonyesho."

Akalichukua. Nyanjige alibaki amepiga magoti, akamgeukia Specioza. Specioza akainamia ndoo yake.

Injini zilipowashwa ndipo alipokimbilia magari. Paschal akamdaka mkono.

"Unakwenda kusema nini?"

"Lifti. Ulisema tutaomba lifti."

"Kwamba mgonjwa kazidiwa kwa kukosa dawa? Wewe si umesema zipo?"

Magari yakaondoka na vumbi lake.

Nyanjige alianguka njiani, kabla ya kufika kwake. Habari zilimfikia Specioza kesho yake asubuhi, akaenda, na njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Alimkuta mama yule amelazwa kwenye ngozi ileile, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kando yake kama si wake. Bujiku alimpokea mlangoni bila hasira yoyote. Specioza alitamani amtukane.

"Mwangaluka, mwanangu. Wabeja kwa kuja. Tunasubiri mkokoteni wa jirani Shija utoke shambani, tumpeleke hospitali." Akasita. "Watu wamenieleza. Mgeni alimpa boksi zima, mkononi, wote wakiona."

"Baba…"

"Nimetafuta kwenye kanga yake. Nimetafuta njiani hadi pale alipoanguka. Halafu nikasema, aa, Specioza hawezi kuliacha lipotee. Atakuwa amemtunzia."

Nyanjige alikuwa anamwangalia. Jicho moja lilikuwa limefumba nusu, la pili liko wazi kabisa, halibanduki usoni pake. Alitoa sauti, lakini ulimi ulikuwa mzito na sauti ile haikuwa neno.

Specioza aliyatafuta maneno aliyoyapanga.

"Anywe kidonge kimoja au viwili?" aliuliza Bujiku. Alikuwa ameshachota maji. Kikombe kilikuwa katika mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa akimwinua mkewe kichwa.