Cherehani Ikinyamaza

Bibi, fundi cherehani, alikuwa na mchezo wake: cherehani ikinyamaza, wote mnaganda, atakayecheka kwanza ameshindwa.

“Tulieni mumsikie Mungu akipumua,” aliwaambia watu wa nyumbani, halafu yeye mwenyewe akaangua kicheko. Hakuwahi kushinda hata siku moja. Mjukuu wake alidhani ni ujanja tu wa kutunga uzi bila makelele.

Kesho yake baada ya mazishi ya bibi, mjukuu aliketi kumalizia pindo aliloliacha. Uzi ukakatika, cherehani ikanyamaza. Mama yake akaganda mlangoni, sufuria mkononi. Vumbi likaelea kwenye mwanga wa dirisha, taratibu, kama ndotoni. Katika ukimya ule mjukuu akahisi pumzi, karibu kabisa.

Mama akacheka, machozi yakimtiririka.

“Haya, leo bibi yako kashinda.”