Gitaa Lililoingia Sauna

Shemeji yangu Arvid Kangas ana kodiani tatu, goti bovu moja, na maoni juu ya kila kitu. Ndiye kiongozi wa bendi pekee inayopiga kwenye dansi ya katikati ya baridi hapa kwetu, kaskazini kabisa ya Michigan. Tangu mpiga gitaa wao, Reino, alipokimbilia Florida kwa ajili ya baridi yabisi, nafasi yake ilikuwa wazi. Mimi nimepiga gitaa jikoni kwangu miaka thelathini, na Arvid anajua, maana kila wiki hukaa mezani pangu akila mkate wangu wa iliki na kunisikiliza. Akishamaliza kutafuna husema, "Shemeji, kwa mtu wa jikoni unapiga vizuri."

Mwezi wa kumi nilimwambia waziwazi kwamba naitaka nafasi ya Reino. Alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

"Utapiga na nini, Lempi? Na lile gitaa la kuimbia Krismasi? Hii ni bendi, mama. Watu wanakanyaga sakafu kwa mabuti. Panatakiwa gitaa la umeme."

"Nalitengeneza."

"Unatengeneza nini?"

"Gitaa la umeme. Liko gereji."

Ilikuwa kweli. Ukumbi wa bolingi ulipobomolewa nilichukua vipande viwili vya sakafu yake, mbao ngumu zilizovunja misumeno yangu mitatu kabla hazijakubali kuwa gitaa. Shingo nilikuwa nimekwisha kuichonga. Arvid akaenda gereji, akaugonga ubao kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji, akatikisa kichwa.

"Haya, tufanye hivi. Ukilimaliza kabla ya dansi, na likawa gitaa kweli, si kibao cha kukatia mkate, nafasi ya Reino ni yako. Lakini ling'ae! Sitaki aibu jukwaani. Nikiona dosari moja tu, unapiga kengele ya ng'ombe kama mwaka jana."

Naam, mwaka jana nilipiga kengele ya ng'ombe. Nyimbo kumi na tisa. Sitaki kulizungumzia.

Basi nikafanya kazi kama punda. Nilipigilia vile vyuma vya shingoni kimoja kimoja, nikalehemu nyaya, nikafunga zile sumaku zinazosikia nyuzi, na mume wangu Urho akashika tochi bila kuuliza swali, ndiyo maana nikaolewa naye. Lilipopiga kelele mara ya kwanza kwenye spika, mbwa wa jirani alijificha siku nzima. Ikabaki kulipaka. Nilichagua laka, vanishi ya kupuliza, ile wanayoitumia mafundi wanaojiheshimu. Inang'aa kama asali. Ubaya wake ni mmoja: juu hukauka upesi, ndani hukauka ikipenda. Kopo lilisema ningoje mwezi. Mkono wa mwisho nilipuliza Jumatano, na dansi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Haraka haraka haina baraka, nilifundishwa hivyo, nami nimewafundisha wengine. Lakini sisi watu wenye asili ya Ufini tuna ugonjwa wetu: tunaamini hakuna jambo linaloishinda sauna. Mafua, mgongo, ugomvi wa mume na mke, vyote tunavipeleka kwenye kile chumba cha mbao uani, tunawasha moto, tunamwagia mawe maji, tunatoka tumepona. Mama mkwe wangu alimzaa Urho humo ndani. Arvid naye alizaliwa humo, ingawa siku ile nadhani moto ulizidi.

Kwa hiyo Jumamosi mchana nililitundika gitaa langu kwenye kigingi cha taulo, juu ya benchi la chini, nikawasha moto mdogo tu wa kuikausha laka taratibu. Sikumwaga maji. Nilikuwa na akili kiasi hicho. Nikaenda ndani kukanda unga.

Urho akatoka na koleo kuzoa theluji njiani. Akaona moshi mwembamba kwenye bomba la sauna yake. Kwa mwanamume wa kwetu, moshi mwembamba siku ya Jumamosi ni fedheha mbele ya majirani. Akafungua mlango wa jiko, akaongeza magogo mawili ya mbetula, kuni zinazowaka kwa ukali, akaendelea na koleo lake akiwa na amani moyoni.

Nilipolifuata gitaa, chumba kilikuwa cha moto kama tanuri. Nikalinyakua nikakimbia nalo nje. Na lilikuwa zuri! Lilikuwa zuri mpaka nikasahau kwamba nje palikuwa na baridi ya kugandisha kope. Badala ya kukimbilia ndani nikasimama katikati ya ua, nimelinyanyua juu kwa mikono miwili.

"Urho! Hebu tazama!"

Urho akaegemea koleo akatazama. Hapo tukasikia: tik. Kisha tik, tik. Kisha ikawa kama barafu ya bwawani mtu mnene anapoikanyaga. Mistari myembamba ikakimbia kutoka ukingoni hadi ukingoni, mingine ikaikata ile ya kwanza, na kabla sijavuta pumzi gitaa langu zima lilikuwa limepasuka laka uso hadi kisogo.

"Labda ni kawaida," akasema Urho. "Hata wewe ukitoka humo ukakutana na theluji unapiga kelele."

Sitaandika nilichomjibu. Ni mume wangu, na nilikuja kumwomba radhi.

Nililia siku mbili. Kukwangua laka yote na kuanza upya kulihitaji majuma, nami nilikuwa na siku chache. Jumanne tulikuwa tumekaa jikoni, gitaa mezani, mimi nalitukana kwa Kifini kwa sababu kina matusi yenye uzito, ndipo Arvid akaingia bila kubisha hodi, kama kawaida yake. Akafika mezani. Akavua kofia.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Hili limetoka wapi?"

Nikafungua mdomo nikiri, lakini Arvid hajawahi kumngoja mtu amjibu.

"Usiniambie! Darini kwa marehemu mzee Heikkinen. Nilijua yule mzee ana vitu." Akapiga magoti, lile bovu likalia, akasogeza pua karibu na laka. "Tazama mipasuko hii. Urho, unajua laka inachukua miaka mingapi kupasuka namna hii?"

"Mingapi?" akauliza Urho, na kweli alitaka kujua.

"Sitini. Sabini."

"Loo," akasema Urho.

Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Na halina hata jina la kiwanda," Arvid akaendelea. "Hao ndio walikuwa mafundi, shemeji. Hawakutaka sifa. Siku hizi nani atakaa achonge shingo hivi?" Halafu akakumbuka. "Enhe, na lako je? Umelimaliza?"

"Laka ilipasuka," nikasema.

"Pole. Lakini nilijua." Akanipigapiga begani. "Kengele ninayo garini. Sasa sikia, nimempata daktari wa meno wa mjini Marquette, Lyle Beaudry, atapiga Jumamosi. Niazime hili apigie. Gitaa kama hili halistahili kukaa jikoni."

Ningeweza kumwambia palepale. Kila kitu kilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini nilimtazama akilipapasa lile gitaa kwa heshima ambayo hajawahi kuipa hata kodiani yake, nikajua kitakachotokea nikisema. Angelitazama tena kwa macho mengine. Mipasuko ingekuwa uzembe, shingo ingekuwa nene, na kazi ya miezi yote ingerudi kuwa kibao cha kukatia mkate. Angeacha kuliona gitaa, angeiona mikono yangu.

"Lichukue," nikasema.

Arvid alipoondoka, Urho alinigeukia, na ni nadra Urho kugeuka. "Umempa gitaa lako akampe mtu mwingine apige."

"Mwache kwanza amalize kulisifu."

Nilijibu kwa kujiamini, lakini siku zile zote hadi dansi nilijiuliza kama ule ulikuwa ujanja au woga mtupu.

Jumamosi ukumbi wa wachimba shaba ulijaa. Kahawa ilitiririka, pai za nyama zilipita juu ya vichwa vya watu, na mimi nilisimama nyuma ya jukwaa na kengele yangu ya ng'ombe. Lyle alipopiga mara ya kwanza, sauti ilitoka nene na tamu, ikajaa ukumbi hadi kwenye makoti yaliyotundikwa ukutani. Ilikuwa sauti niliyoitaka tangu mwanzo. Nilishikwa na wivu ambao sijawahi kuusikia hata kwa ajili ya mume. Kidole changu kilikuwa kinatafuta nyuzi kwenye kengele.

Baada ya wimbo wa nne Arvid akaishika maikrofoni. Arvid na maikrofoni hawaachani kwa urahisi.

"Jamani, mnasikia sauti hiyo? Daktari, liinue walione. Hili ni gitaa la zamani, la mikono, si takataka za siku hizi. Tazameni hiyo laka ilivyopasuka! Hiyo ni miaka sabini, huwezi kuigiza. Fundi aliyelitengeneza yuko kaburini, Mungu amrehemu. Naapa mbele yenu, angekuwa hai, ningemweka kwenye bendi hii hapa, kiti cha mbele, mpaka mmoja wetu afe."

Watu wakapiga makofi. Nikaiweka kengele sakafuni.

"Yuko hai, shemeji," nikasema.

Arvid akageuka. "Nani?"

"Huyo fundi. Anapiga kengele."

Kicheko kikapita ukumbini. Arvid alicheka pia, lakini shingo yake ilianza kuwa nyekundu. "Lempi, usiniharibie dansi. Lako lilipasuka, uliniambia mwenyewe."

"Ndilo hilo."

"Haiwezekani! Mipasuko haidanganyi. Laka mpya haipasuki hivyo."

Hapo nikaona hakuna njia nyingine. Nilikuwa nimetamani kujulikana kama fundi, na ili nijulikane ilibidi kwanza nijulikane kama mjinga, tena mbele ya kila mwanamke aliyewahi kula chakula changu. Nikasogea kwenye maikrofoni.

"Nililitundika sauna."

Kisha kutoka meza ya mbele ikaja sauti ya bibi Saima Tervo, ambaye ana miaka tisini na moja na haogopi mtu.

"Sauna yenye moto?"

"Ndiyo, bibi."

"Ukalitoa nje likiwa bado moto? Jumamosi iliyopita, na baridi ile?"

"Ndiyo, bibi. Nikasimama nalo uani ili Urho alione."

"Ee mjinga wewe," akasema bibi Saima, kwa upendo kabisa, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walicheka wakapiga meza. Mtu akapaza sauti, "Mimi nilikausha fidla ya baba humo!" Mwingine, "Mimi viatu vya harusi!" Mwanamume mmoja akakiri kukausha humo meno ya bandia, na mkewe akashika kichwa. Hakuna aliyeniuliza ushahidi tena. Wote wale, wangekuwa na gitaa bichi na siku saba mkononi, wangefanya vilevile, na walijua.

Urho akasimama. Urho alikuwa hajasema neno mbele ya watu tangu siku ya harusi yetu, na siku ile alisema moja tu.

"Na mimi," akasema, "niliongeza kuni."

Lyle Beaudry tayari alikuwa amevua mkanda begani. Akanipa gitaa kwa mikono miwili. "Chukua, mama. Nilikuwa najiuliza kwa nini linanisumbua tangu wimbo wa kwanza. Shingo hii imechongwa kwa mkono mdogo kuliko wangu."

Arvid akafunika maikrofoni kwa kiganja. Alilitazama gitaa, akanitazama mimi, akalitazama tena. Nilingoja aanze kuona dosari.

"Kwa hiyo lina siku kumi," akasema.

"Kuanzia mkono wa mwisho wa laka, ndiyo."

"Nilisema maneno mengi."

"Nilisikia. Hata bibi Saima alisikia, na yeye hasikii vizuri."

Akajikuna kidevu. Alikuwa na aibu, na mimi sikuwahi kumwona na aibu, kwa hiyo sikujua inakaa vipi usoni mwake. Ilimfanya afanane na Urho. Akakisogeza kiti cha Reino mbele, karibu na chake, akakipangusa kwa mkono wa koti.

"Wimbo gani, Lempi?" akauliza.

Miaka thelathini ya kula mkate wangu, na hajawahi kuniuliza nipendacho kupiga. Nikautaja wimbo. Arvid akahesabu, moja, mbili, tatu, bendi ikaanza, na mimi nikachelewa kuingia kwa sababu machozi yalikuwa yamenizuia kuziona nyuzi. Arvid akainua mkono, akawanyamazisha wote, akaanza kuhesabu upya.