Ngoma Kimya Katika Nyumba ya Eda

Ngoma tatu zilikuwa zimelazwa juu ya mkeka dukani kwa Dedan, na hata moja haikufanana na ngoma. Ya kwanza ilikuwa vibao vitano vyekundu vya pembe sita sita, vigumu kama meza. Ya pili ilikuwa visahani vinne vya mpira mweusi, ambavyo mke wa mtu angeweza kuvifunikia sufuria. Ya tatu ilikuwa kisanduku bapa chenye vitufe vya kubonyeza kwa vidole. Nilisimama mbele yake mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa kutambua maiti asiyemjua.

"Ipi ndiyo nzuri?" nikamwuliza Dedan.

"Zote nzuri, Kioko. Inategemea unataka nini."

Hapo ndipo penye shida. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimepiga ngoma za ngozi katika bendi za mahoteli ya Malindi, na ngozi nilijua kuihoji. Niliigonga kwa kidole, nikaisikiliza, ikanieleza hali yake. Plastiki nilikuwa sijui hata namna ya kuiamkia. Dedan naye alikuwa fundi wa redio aliyenunua vyombo vya bendi za kigeni zilipofunga virago msimu ukiisha, na karatasi za maelezo alizonipa zilikuwa za Kiitaliano upande mmoja na za Kijapani upande wa pili. Niligeuza na kugeuza. Dedan akanionea huruma, akaniletea chai.

Sikwenda pale kwa kupenda. Meneja mpya wa hoteli yetu alikuwa amerudi kutoka Ulaya na kaseti ambazo ngoma zake zililia kama mtu anayepigwa kofi ndani ya pipa. Alinunua seti kubwa ya umeme kwa ajili ya jukwaa, na pamoja nayo mashine ndogo inayojipiga yenyewe, isiyotoka jasho, isiyokula wala kuomba ruhusa ya kwenda msibani. Kisha akamwambia Thuku, kiongozi wa bendi yetu, kwamba Ijumaa ya mwisho wa mwezi angenijaribu. Ama niwe nimezimudu ngoma za umeme, ama mashine ikae kwenye kiti changu. Thuku aliniletea habari hiyo huku akicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Seti ya hoteli ilifungiwa stoo mchana kutwa ili wageni wapate kulala. Kwa hiyo ilinibidi nipate yangu ya kufanyia mazoezi nyumbani, iwe rahisi, na zaidi ya yote iwe kimya.

Ukimya huo haukuwa anasa. Nilipanga chumba mtaa wa Barani, katika nyumba ya Bi Zuleikha, mwenyeji wa Lamu. Mumewe, Mzee Fumo, alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, na yeye alikuwa anakaa eda: miezi minne na siku kumi za kutotoka, kutojipamba, na kutoonwa na mwanamume asiye wa damu yake. Tangu siku ya maziko hata redio haikuwashwa mle. Na nyumba yenyewe ilikuwa ya mtindo wa zamani, kuta za vyumba zinaishia pale mkono wa mtu unapofika, na juu yake ni wazi mpaka kwenye makuti. Ukipiga chafya chumba cha mbele, unapewa pole kutoka jikoni.

Dedan akanivisha hedifoni, vile vikombe viwili vya kuziba masikio. Nikagonga kibao chekundu. Radi! Nikagonga cha pili, mlima ukaanguka. Nilipoinua macho nilimwona Dedan anatikisa midomo, nami simsikii hata neno. Nikajiambia kwamba ikiwa mimi simsikii yeye, basi naye hanisikii mimi. Ndivyo nilivyofikiri, mimi niliyekula mkate wa sauti miaka kumi na mmoja.

Visahani vya mpira vilitoa radi ile ile, ila fimbo ilizama kama mwiko kwenye ugali. Kisanduku cha vidole nilikirudisha mara moja, maana mimi si karani wa kupiga taipu. Vile vyekundu kimoja kilikuwa na ufa, na huo ufa ndio ulioishusha bei ikafika mfukoni mwangu. Nikavibeba nyumbani nikijiona mjanja.

Siku nne mfululizo, baada ya adhuhuri, nilijifungia chumbani na kupiga. Masikioni mwangu mlikuwa na ukumbi mzima. Siku ya tano mlango ukabishwa kwa nguvu, nikavua hedifoni. Alikuwa Kuluthumu, binti yake Bi Zuleikha, aliyerudi nyumbani kumsaidia mamake katika eda.

"Kaka Kioko, mama auliza wapasua nini."

"Sipasui kitu, dada. Nafanya mazoezi. Hii ni ngoma ya kimya."

Akavitazama vibao. "Hebu piga, na hivyo vikombe usivivae."

Nikapiga. Ko! Ko-ko, ko! Ilikuwa sauti ya shoka na mfupa, sauti ya buchani asubuhi ya Idi. Kuluthumu hakucheka, na afadhali angecheka. Nilihisi uso wote unawaka. Siku nne nilikuwa nachanja kuni juu ya kichwa cha mwanamke aliyefiwa, nami nimekaa nikitabasamu.

Nikausogelea ukuta. "Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu," sauti yake ikatoka upande wa pili, ikapita juu ya ukuta.

"Nisamehe, bi. Sikujua kama yasikika. Naviondoa leo hii."

Nilisikia tasbihi ikiwekwa chini.

"Mimi kelele sikuzilalamikia," akasema. "Nimeuliza wapasua nini kwa sababu kila ukifika mzunguko wa nne wakimbia, kisha wajikwaa. Mchana kutwa nakungojea ujikwae. Kichwa chaniuma."

Nikamtazama Kuluthumu, naye akatazama mkeka. Nilikuwa nimejiandaa kukemewa kwa ajili ya marehemu, nami nakemewa kwa ajili ya mwendo. Tena kosa lenyewe hakuna aliyewahi kunionyesha. Thuku alizoea kusema tu kwamba nina moto.

"Mama alikuwa akiongoza vugo kwao," Kuluthumu akanong'ona. "Pembe za nyati, wazipiga wanawake kwa vijiti harusini. Zake zi chini ya kitanda. Hazigusi sasa."

"Katika vugo," sauti ikaendelea, maana minong'ono nayo ilipita juu ya ukuta, "ukiisikia pembe yako peke yake, jua umekwisha kupotea. Sikiliza ya jirani."

"Lakini bi, nikivaa vikombe hivi jirani simsikii."

"Basi hapo ndipo penye ugonjwa."

Nikauliza swali lililokuwa likinikaba. "Sasa bi, niendelee au niache?"

"Mimi ni mtu wa eda. Siwezi kukuamrisha upige ngoma. Wala siwezi kusema sikusikia nililoletewa na ukuta." Tasbihi ikaokotwa. "Shemeji zangu wa Mambrui waja Jumatano kumsomea marehemu."

Nilibaki nimesimama na fimbo mkononi, sijui nimeruhusiwa, nimekatazwa, au nimeandikishwa chuo. Nilichokijua ni kwamba wale shemeji wakisikia shoka langu, hawatamlaumu mpangaji Mkamba. Watamlaumu mjane.

Kesho yake nilirudi kwa Dedan. Safari hii nilizipiga zote masikio wazi, na hedifoni zikabaki kwenye mkeka, hata Dedan akaja kunigusa paji la uso. Visahani vya mpira vilitoa sauti ya nyanya zinazodondoka mchangani. Hivyo ndivyo nilivyovihitaji tangu mwanzo. Vilikuwa vimelala pale pale karibu na goti langu, nami nikaviruka kwa kuwa nilisikiliza kisichosikiwa na mtu mwingine. Dedan akakubali kubadilishana, ila kibao chenye ufa alikikataa katakata.

"Vinne nachukua. Huyo mgonjwa rudi naye."

Jumatano shemeji walikuja, wakasoma, wakala, wakaondoka. Mimi nilikuwa chumbani nikipiga, na hakuna aliyejua. Ningepaswa kufurahi. Lakini siku zilivyopita nilizidi kuchanganyikiwa. Nilifika mzunguko wa nne nikawa sijui kama nimekimbia au nimechelewa. Nilijaribu kupunguza mwendo, nikajikwaa kwingine. Niliacha sikio moja wazi nimsikilize jirani, na jirani mwenyewe alikuwa kimya. Usingizini niliiona ile mashine imekaa kwenye kiti changu, imevaa shati langu la bendi. Niliogopa, siwezi kusema vingine.

Siku sita kabla ya jaribio, Kuluthumu akabisha tena hodi.

"Mama auliza, umehama?"

Nilicheka. "Mwambie nipo."

Alipoondoka nilikaa na neno lile. Sikujua kama ni mwaliko, na ningeulizaje? Nikakivuta kile kibao chenye ufa kutoka nyuma ya mlango, nikakipakata bila waya wowote, nikakifunika kwa leso iliyokunjwa. Nikapiga polepole, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Bado," ikasema sauti juu ya ukuta.

Nikaanza upya.

"Bado, mwanangu. Wendapi?"

Jasho lilinitoka kuliko jukwaani. Alasiri iliyofuata vile vile, na iliyofuata. Ukuta haukuwahi kuniambia neno jingine, ila alasiri ya nne, fimbo ikiwa bado hewani, nilimsikia akivuta pumzi. Nikaingoja pumzi hiyo iishe, ndipo nikapiga.

"Hapo," akasema.

Ijumaa mchana meneja aliitoa seti stoo, akaiwasha mashine kwanza, akataka nipige sambamba nayo ili aone nani atamtupa nani. Mbele yangu vibao vya hoteli vilimetameta. Nilifanya jambo moja tu nililolijua: niliacha kujisikiliza mimi. Nikaifanya mashine kuwa jirani. Mzunguko wa nne ulipofika, mkono ulitaka kukimbia kama kawaida yake, nami nikangojea pumzi ya mtu aliyekuwa Barani, nyuma ya ukuta, ambaye sijawahi kumwona uso. Pumzi ikaisha. Nikashuka.

Meneja alisema kiti ni changu mpaka mwisho wa msimu, kisha akaenda kuangalia mambo ya jikoni. Mashine ikarudishwa katoni. Thuku akanishika bega.

"Kioko bwana, umejifunza wapi kungoja?"

Nikaanza kukusanya fimbo zangu.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Nilitaka kumwambia mtu, lakini kupiga kelele za furaha katika nyumba ile kusingekuwa adabu, na kumpelekea Bi Zuleikha salamu kupitia Kuluthumu niliona hakutoshi. Nikakipakata kibao. Safari hii sikukifunika. Nikapiga mizunguko mitatu, na wa nne nikauacha wazi.

Uani, Kuluthumu aliacha kukuna nazi. Nilisikia kitanda kikisogezwa, kisha kitu kikikokotwa sakafuni. Halafu, kutoka upande wa pili, yakapigwa mapigo mawili. Hayakuwa ya mti wala ya bati. Yalikuwa makavu, mepesi, ya kitu kilichokuwa hai zamani. Sikuwahi kusikia pembe ya vugo maishani mwangu, lakini niliijua.

"Mama!" Kuluthumu akaita kwa sauti ya chini.

Nami nilikaa na fimbo hewani, sijui kama mapigo yale mawili yalinipongeza, au yaliniambia kwamba bado nachelewa. Nikasogeza kiti mpaka ukutani, nikaanza upya.