Mlizamu Mpya wa Nyumba ya Bi Lubna

Jumatatu baada ya alasiri, wiki moja kabla ya masika, Amini Hamdu alipanda ngazi akahesabu matundu ya mlizamu wa nyumba anayoishi, kijijini Mbwajumali. Yalikuwa saba. Manne yalitosha kupitisha njiti ya kiberiti, na matatu yaliingiza kidole. Mlizamu wenyewe ulikuwa bati lililokunjwa kwa mkono na marehemu baba mkwe wake, Barka, nao ulining'inia chini ya paa kwa vijiti vya mkoko, kutoka pembe ya jikoni hadi mdomoni mwa birika la uani la kukingia maji ya mvua. Amini alishuka, akakaa kwenye kipago cha chini cha ngazi, akaanza kuingiwa na wasiwasi.

Wasiwasi haukuwa mgeni kwake. Alilima simsim, zao ambalo mvua ikizidi siku mbili huoza na ikipungua siku mbili hunyauka, na kwa miaka mingi alikuwa amejizoeza kuhofia yote mawili kwa wakati mmoja. Sasa swali lilikuwa moja tu: kuziba au kubadili. Kuziba kulihitaji lami, vipande vya bati na asubuhi moja. Kubadili kulimaanisha kuagiza mlizamu wa plastiki Lamu, usafirishwe kwa boti hadi Faza, upakiwe kwenye pikipiki, na kuomba Mungu mvua isianze kabla yake. Visima vya pale vina chumvi ya kuharibu chai, na nyumba isiyojaza birika wakati wa masika huomba maji kwa jirani hadi vuli. Birika lile lilinywesha nyumba mbili, yao na ya Bi Hindu wa upande wa pili wa ukuta.

Mkewe, Lubna, alikuwa kizingitini akidarizi kofia ya mteja.

"Uzibe tu," alisema bila kuinua macho. "Baba aliuziba miaka ishirini, na mai ya birika tukanwa."

Amini akauziba. Alimwaga ndoo moja ya maji kuujaribu, na hakuna tone lililopita kwenye matundu. Usiku huo alilala vizuri, jambo ambalo lilimtia wasiwasi alipoamka.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi ya wiki iliyofuata, Lubna akiwa Faza kumtazama mpwa wake aliyejifungua. Ilikuwa mvua nzuri, nzito, isiyo na upepo. Maji yalishuka kwenye paa, yakaingia kwenye mlizamu, yakatiririka mpaka mdomoni mwa birika, na hapo yakasimama. Hayakumwagika. Yalijaa kwenye bati hadi ukingoni, yakatulia, na yaliyokuja nyuma yake yakageuka, yakapanda paa, yakavuka kwa juu na kuangukia upande wa pili, penye mchanga na kuku.

Amini aliingiza mkono, akatoa jani moja la mwarobaini. Alitikisa bati. Alisogea nyuma, akasogea mbele. Bi Hindu alichungulia juu ya ukuta, amejifunika kanga kichwani.

"Hayayi?" aliuliza.

"Hayayi, Bi Hindu. Yamesimama."

"Mwenyewe akiya, yatakuya," alisema Bi Hindu, akarudi jikoni kwake kwa sababu alikuwa ameacha wali motoni.

Lubna alirudi saa kumi, mvua ingali inanyesha. Alishuka kwenye pikipiki, akapita kando ya birika ili afike mlangoni, na alipokuwa chini ya mlizamu maji yalianza kuanguka. Yaliingia birikani kwa kishindo kizuri. Amini alifurahi, akakimbia kuangalia, na alipofika hatua nne kutoka kwa mkewe yakapungua. Alipofika hatua mbili yakakatika. Alirudi nyuma, yakaanza tena.

"Basi kaa huko," alisema Lubna, ambaye alikuwa amechoka na safari. Alisimama pale mpaka mvua ikakatika, kama dakika arobaini. Jioni kifua kikaanza kumbana. Lubna ana pumu tangu utotoni, na baridi ya mvua ndiyo inayoiamsha. Alikohoa mpaka isha, kisha akalala ameegemea mito miwili.

Siku ya pili Amini alimwita fundi. Mugambi ni Mmeru aliyeletwa kujenga nyumba ya muuguzi, na kazi ilipokwisha hakurudi kwao. Alipanda juu, akapima mteremko kwa bomba la mpira lenye maji, akagonga bati kwa kidole, akashuka na kuomba maji ya kunywa.

"Gata iko sawa," alisema. "Umeziba vizuri kabisa. Mteremko uko poa."

"Sasa mbona mai hayendi?"

"Yanaenda, Bwana Amini. Si umesema bibi akisimama hapo yanaenda? Hii nimeiona Siyu nyumba mbili, na Kizingitini moja. Huwa shida iko kwa hati."

"Hati gani?"

"Hati ya nyumba. Na mimi ni fundi, hizo siandiki."

Amini akasema bati limezeeka, labda ndilo tatizo. Mugambi alimtazama kidogo, akasema akitaka plastiki anaweza kumfungia plastiki, kazi ni kazi. Lakini hakuifungua rula yake.

Mambo ya hati yalikuwa hivi. Katika visiwa hivi baba humjengea binti nyumba, na mume huletwa humo siku ya arusi. Barka alichoma chokaa yake mwenyewe, akasimamisha kuta kwa mawe aliyoyachagua moja moja, na siku Lubna alipoolewa Amini aliingia mle na sanduku moja la nguo. Miaka kumi na tisa hakuna aliyesema nyumba ya Amini. Mtu akiuliza nyumba ya jirani, aliambiwa ni ile iliyo mkabala na nyumba ya Lubna wa Barka.

Kisha mwaka juzi wakaja wapimaji wa ardhi. Afisa wao, Crispus, kijana mwenye adabu kutoka bara, alikaa barazani na fomu zake. Wanaume kumi na mmoja walikuwa wamekaa pale wakimtazama. Alimuuliza Amini nyumba ni ya nani. Sasa, mwanamume wa pale hataji jina la mkewe mbele ya mwanamume mgeni. Amini akajibu kama watu wanavyojibu.

"Ni ya watu wa nyumbani."

"Watu wa nyumbani ni akina nani? Hapa kuna nafasi ya jina moja tu."

Amini aliona uso unamwaka moto. Alitazama baraza nzima, akatazama ardhi.

"Basi niandike mimi," alisema.

Wanaume wote kumi na mmoja waliona amejibu kwa heshima. Wawili walitikisa vichwa kukubali.

Hati ilipotoka, baada ya vuli iliyopita, alikusudia kwenda kuirekebisha kesho yake. Usiku aliisoma. Palikuwa na muhuri, namba ndefu, na jina lake lote kwa herufi kubwa, na kabla ya hapo jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye kitu kikubwa kuliko kadi ya chanjo ya mbuzi. Akaisoma tena. Aliipenda. Hili lazima lisemwe wazi, kwa sababu yeye mwenyewe hakulisema kwa mtu, na kila kesho ilipokuja aliitupia lawama yote haya iliyomshika barazani. Hati aliiweka chini ya kanzu ya Idi.

Mlizamu mpya ulifika Jumatano ukiwa umefungwa kwa kamba za katani, mweupe, laini, na vishikizo vyake kwenye mfuko. Mugambi aliufunga kwa saa tatu, akaupima mara mbili. Ulikuwa mlizamu mzuri kuliko wote mtaani, na watoto wa madrasa walipita kuutazama. Lile bati la Barka, Lubna aliliosha, akaliegemeza ukutani uani, akasema lisitupwe.

Mvua ilikuja Ijumaa wakati wa mchana. Maji yaliteremka kwenye plastiki nyeupe kwa kasi kubwa zaidi, yakafika mdomoni, yakasimama. Lubna alikuwa jikoni akikaanga samaki. Aliusikia ukimya wa birika, akaepua sufuria, akafuta mikono, akatoka akasimama mahali pake. Maji yakaja.

Tangu hapo ikawa ndiyo kawaida. Mawingu yakikusanyika upande wa bahari, Lubna aliweka sindano chini, akatoka. Amini alijaribu kumshikia mwavuli na maji yakakatika, akajaribu kuufunga kwenye mti mrefu na kuunyoosha kutoka mbali, upepo ukaupeleka kwa Bi Hindu. Kwa hiyo alimnunulia koti la mvua, la njano, zuri, na kiti cha plastiki. Watu walimsifu kwa kumjali mkewe. Kikohozi cha Lubna kilianza kushuka kifuani na kukaa humo mchana kutwa, na Amini alikisikiliza kutoka chumbani, akihesabu vipindi kati ya kikohozi na kikohozi.

Mwezi ule ule zikatangazwa siku tatu za kurekebisha hati. Meza iliwekwa kwenye darasa moja la shule ya msingi. Amini alikwenda siku ya pili, hati ikiwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko, mfuko kwapani. Mbele yake alikuwa Musab, muuza samaki, mtu mnene mwenye sauti ya sokoni.

"Andika Mwanamkisi Shali," alisema Musab. "Mke wangu. Nyumba ni yake, na mimi nimechoka kumtoa ndani kila mvua ikinya."

Crispus akakata jina, akaandika jingine, akagonga muhuri. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja nyuma aliuliza kama kuna aliyemwona mbuzi wake mweusi. Musab akachukua karatasi, akaenda zake.

Crispus alinyoosha mkono. Amini aliitoa hati, akaiweka mezani, na jina lake likawa linamtazama kwa herufi kubwa.

"Kuna kosa, Bwana Amini?"

Aliliona kosa. Aliona pia kalamu nyekundu ikiwa imelala juu ya fomu, na jinsi mstari mmoja ungelitosha. Alifikiria kurudi nyumbani na karatasi isiyo na jina lake kwapani.

"Hapana," alisema. "Nilikuya kusikiza tu."

"Bibi bado anasimama kwa mvua?"

"Mara moya moya."

"Wengi wamekuja juu ya hiyo," alisema Crispus, akimrudishia karatasi. "Kesho ndiyo mwisho. Ikipita hapo ni kwenda Lamu, tena kwa wakili."

"Nimesikia. Shukrani."

Kesho yake alikwenda kupalilia simsim, ambayo haikuwa na magugu.

Usiku baada ya kula, Lubna alikunja kitambaa cha kofia, akakiweka pembeni. Alipumua kwa taabu kidogo, bega likipanda na kushuka.

"Mwanamkisi ameniambia mumewe alikwenda shule," alisema. "Akakuona."

Amini alikuwa ameshika kikombe.

"Wale watu waliandika ina la nani?"

Angeweza kusema uongo, lakini mlizamu ulikuwa umeshasema kwa wiki nne.

"Langu," alisema. "Masika yakisha nitakwenda Lamu."

Lubna alikirudisha kile kitambaa mapajani, akakikunja upya ukingo kwa ukingo, hata Amini akatamani apige kelele, avunje kitu, amwite Bi Hindu awe shahidi. Kifua chake kilitoa mluzi mwembamba.

"Nyumba hii alinijengea baba," alisema mwishowe. "Alinijengea mimi."

"Nayua."

"Wayua."

Lubna aliinuka. Alikwenda kulala kwenye mito yake miwili, na Amini alikaa macho akiwaza Lamu, boti, wakili, maswali ya wakili, na kwamba akiondoka na mvua ikanyesha hatakuwepo kuona kama birika limejaa. Kufikia alfajiri alikuwa ameona wazi kwamba safari haifai.

Mvua ilinyesha asubuhi, ya mwisho mwisho ya masika, nyembamba na ya baridi. Bi Hindu alipitisha ndoo zake mbili tupu juu ya ukuta, akaziacha. Lubna alizitazama zile ndoo. Alivaa koti la njano, akatoka, akakaa kwenye kiti chake chini ya mlizamu mpya. Maji yalianza kuanguka. Amini alisimama mlangoni, hatua saba, mahali ambapo hakuyakatiza.

Baada ya saa moja kikohozi kilimshika Lubna akainama, mkono mmoja kwenye ukingo wa birika. Kilipomwachia aliinuka taratibu, akafuta mdomo kwa ncha ya mtandio, akageuka kuja ndani. Nyuma yake maji yalipungua. Amini alisogea, akachungulia mti wa kupimia uliosimama birikani, ambao baba mkwe aliukatia alama, akaona sehemu kavu iliyobaki.

"Ngoya kidogo," alimwambia. "Zimesalia shibiri mbili."

Lubna alimtazama. Kisha akarudi, akakaa.