Mizani ya Barazani

Saa mbili na nusu asubuhi mizani ya kliniki ilikuwa barazani, mbele ya benchi la wagonjwa. Chumba cha kupimia kilikuwa kimejaa magunia ya unga wa lishe.

Zaitun, mwenye mgahawa karibu na stendi ya Kasulu, alipanda. Nesi Kezia akasoma: "Tisini na saba."

Lengo waliloliweka pamoja lilikuwa tisini na tano. Akilifikia, daktari wa upasuaji, ambaye huja mjini mara mbili kwa mwaka, angemtibu ngiri. Asipolifikia, angesubiri. Mwezi uliopita ngiri ilibana, akatapika hadi alfajiri. Kezia alimweleza bila kupamba: siku itakapobana isirudi, utumbo utaoza.

"Mama, ugali ni nusu sahani?"

"Nusu."

"Mafuta?"

"Nimeacha."

"Basi mizani yangu ndiyo inayokula usiku."

Benchi likacheka.

Mizani haikukosea. Chini ya dera Zaitun alijifunga vitenge vinne na kuvaa sweta nzito ya mumewe, Haidari. Alianza hivyo nguo zilipompwaya. Mjini hapa mwanamke mnene akipungua, watu wana maelezo mawili tu: ule ugonjwa, au mume hamlishi. Muuza chapati mmoja wa stendi aliugua kifua, akapona, wateja hawakurudi.

Na kwenye benchi aliketi Firdausi, dada yake Haidari, aliyekuja kupima presha.

"Nipime ndani, sista," Zaitun alinong'ona.

"Ndani hapakanyagiki. Na daktari anataka majina kabla ya saa nne."

Ngiri ilikuwa yake peke yake. Mgahawa ulikuwa wa nyumba nzima. Lakini maiti haipiki.

Akashuka. Akavua sweta, akafungua kitenge cha kwanza, kisha vingine. Dera likamning'inia kama nguo ya kuazima. Alipopanda tena, hakuna aliyecheka.

"Tisini na nne," Kezia akasema, kwa sauti yake ya kila siku, inayofika mwisho wa benchi.

"Kumbe hivyo, wifi," Firdausi akasema taratibu. "Na sisi tunakula kwako."

"Ni mpango wa kliniki, wifi. Sista huyu shahidi."

"Ni kweli," Kezia akasema. "Tumepunguza pamoja."

"Sawa. Mbona ulificha? Mtu hafichi uzima."

Zaitun akaanza kukunja vitenge vyake. Angepungua wazi, kilo kwa kilo, labda macho yao yangezoea. Sasa alikuwa amekonda mbele yao kwa dakika moja.

Kezia alimpangia upasuaji siku ya Alhamisi.

Saa saba mchana, saa ya wateja wengi, sufuria ya maharage mgahawani ilikuwa bado imejaa. Dereva mmoja wa lori la Manyovu aliagiza wali, akapakuliwa. Utingo wake alimwita nje, wakazungumza kidogo. Lori likawashwa, likaondoka.